Jalada, Tarehe na Hela ya Mteja: Ninavyoendesha Ofisi ya Uwakili Morogoro

Mwaka 2016, mwaka wa pili tangu nifungue ofisi, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Kihonda aliniletea barua yake ya kuachishwa kazi. Ilikuwa siku ya 11 tangu aipokee. Nilimsikiliza, nikatoa nakala, nikaandika jina lake na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, nikakibana na pini kwenye barua, nikaiweka upande wa kulia wa meza, pale nilipokuwa nikiweka vitu vya haraka. Wiki ile nilikuwa na shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam, maana enzi hizo Morogoro hatukuwa na Mahakama Kuu yetu. Wiki iliyofuata nikaenda Ifakara. Niliporudi kulikuwa na majalada manne juu ya ile barua. Siku niliyoiona tena ilikuwa ya 34.

Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilikuwa nazijua kama ninavyolijua jina langu. Nikaandika maombi ya kuongezewa muda, nikaenda kusimama mbele ya mwamuzi nikitafuta maneno. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, shauri la mwaka 2010 lililoamuliwa 2011, anayeomba muda anatakiwa aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe bidii, si uzembe. Na shauri la Bushiri Hassan lilishasema kabla ya hapo kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki kuwa sababu. Maombi yakatupwa. Tulipotoka nje yule kijana akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo dada wakili, kesi yangu imeishia pale mezani?"

Nilimwambia ndiyo. Nikamrudishia hela yake yote, na haikumtosha, kwa sababu alichopoteza kilikuwa kikubwa kuliko ada niliyochukua.

Nawaandikia mawakili wa kujitegemea mnaofungua ofisi ndogo mikoani, wakili mmoja au wawili, karani mmoja, chumba cha kupanga. Kuijua sheria mnaijua, mmetoka Shule ya Sheria juzi. Nataka kuwaonyesha namna ya kuiweka ofisi ili mambo yasikae kichwani mwa mtu mmoja anayesafiri, anayechoka na anayeugua.

Kwanza kabisa, daftari la tarehe

Kabla hujanunua meza ya mninga, nunua kaunta buku kubwa lenye jalada gumu. Langu lina ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi, tarehe zimeandikwa kwa mkono kuanzia Januari mpaka Desemba. Karani wangu huyaandika yote wiki ya mwisho ya mwaka, wakati wa likizo ya Mahakama, tunapokuwa na nafasi.

Kila siku ya ukomo inaingia humo mara tatu. Inaingia kwa kalamu nyekundu kwenye siku yenyewe ya mwisho. Inaingia siku saba kabla, na hiyo ndiyo tarehe ya ofisi: kwetu kazi inatakiwa iwe imeshasajiliwa siku hiyo, na anayeizungumzia ile nyekundu kana kwamba ndiyo tarehe yetu ninamrekebisha palepale. Halafu inaingia siku ambayo mtu anatakiwa kuanza kuandika. Mara ya tatu hii watu wengi huiacha, na ndiyo inayookoa. Rufaa haiandikwi jioni moja.

Anayeandika ni karani, anayehesabu ni mimi, na natia saini pembeni ya kila hesabu. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likitoa hukumu tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, na siku ya 45 ya kukata rufaa Mahakama Kuu inaangukia tarehe 17 Aprili. Basi 17 Aprili inaandikwa kwa nyekundu, 10 Aprili ni tarehe ya ofisi, na 24 Machi tunaanza kuandika hata kama nakala ya hukumu haijatoka, kwa kutumia maandishi yetu ya siku hukumu iliposomwa. Sheria ya Ukomo inatoa nafuu ya kuondoa siku ulizosubiri nakala ya hukumu na dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, lakini ofisini kwangu nafuu hiyo ni ya kujitetea nayo mambo yakiharibika. Sipangi kazi kwa kuitegemea.

Ukutani, juu ya meza ya karani, kuna karatasi moja iliyopigwa laminesheni:

- Kuachishwa kazi, kwenda Tume: siku 30. Migogoro mingine ya kazi: siku 60. Kupinga tuzo (uamuzi) ya Tume Mahakama Kuu: wiki 6.
- Majibu ya hati ya madai: siku 21 tangu kupokea wito.
- Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya: siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu: siku 30 nyingine.
- Rufaa kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya: siku 45.
- Mahakama ya Rufani: notisi ya rufaa siku 30, barua ya kuomba mwenendo (kumbukumbu za shauri) siku 30, rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi iwasilishwe.
- Kuishtaki Serikali: notisi ya siku 90 kwanza.
- Kuwasilisha hesabu ya gharama baada ya kupewa gharama: siku 60.
- Madai ya mkataba miaka 6, madai ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3, ardhi miaka 12.

Mstari wa Mahakama ya Rufani una maelezo zaidi niliyoyaongeza kwa kalamu. Barua ya kumwomba msajili nakala ya mwenendo haitoshi kuandikwa. Nakala yake lazima imfikie mjibu rufaa, na uwe na ushahidi kwamba imemfikia. Mwenendo ukichelewa miezi minane, msajili hutoa cheti cha kuondoa siku hizo, lakini nafuu hiyo haimpati ambaye hakumpa mjibu rufaa nakala ya barua. Nimeona rufaa nzito za watu zikifutwa kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Kwetu, siku notisi inapopelekwa, barua inakwenda kwenye bahasha ileile, na karani harudi bila saini ya aliyepokea.

Huo mstari wa hesabu ya gharama nao unasahaulika sana. Wakili anashinda, anafurahi, anampigia mteja, siku 60 zinapita, na gharama alizopewa na mahakama zinabaki maandishi.

Kila Jumatatu saa 1:30 asubuhi, kabla mahakama hazijaanza, tunalisoma daftari kwa sauti, wiki mbili mbele. Karani anasoma, mimi na wakili mdogo tunajibu: imefanyika, haijafanyika, nani anafanya. Dakika ishirini. Tarehe zote zimo pia kwenye kalenda ya simu ambayo sote watatu tunaiona, lakini la kusomwa Jumatatu ni daftari, kwa kuwa kusoma kwa sauti kunakulazimisha kujibu mbele ya wenzako.

Siku hizi tunasajili mashauri kwa mfumo wa kielektroniki, na kanuni za mwaka 2018 zinasema waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku unahesabika wa siku hiyo. Isiwe kisingizio cha kukaa mpaka saa 5:40 usiku. Mfumo unaweza kugoma, umeme ukakatika, au waraka ukarudishwa kwa kasoro ndogo. Namba ya malipo ikitoka, lipa siku hiyohiyo, na risiti iingie kwenye jalada kabla hujazima kompyuta. Mfumo ukikwama, piga picha ya skrini inayoonyesha saa na umwandikie msajili siku ileile, usingoje kesho.

Mtu anapoingia mlangoni

Ofisi yangu ipo ghorofa ya kwanza, mtaa wa nyuma ya Soko la Chifu Kingalu, kwa hiyo watu huingia wakiwa na mifuko ya mboga mkononi na bahasha ya kaki kwapani. Karani humkaribisha, humpa maji, na humuuliza mambo matatu tu: majina yako kamili, mgogoro ni na nani, unahusu nini kwa neno moja. Hadithi yenyewe haiulizwi hapo. Kwanza anaangalia faharasa yetu, yaani orodha ya majina ya wateja wetu na wapinzani wao.

Sababu ni hii. Mzee mmoja kutoka Mvomero alikuja kunieleza habari za shamba la ukoo, akafungua moyo wake wote, hadi udhaifu wa ushahidi wake. Alipotaja jina la mpinzani nikatambua ni mdogo wake, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua ya madai miezi mitatu nyuma kuhusu shamba hilohilo. Ilibidi niwaache wote wawili. Mzee yule alikuwa amepanda basi alfajiri.

Faharasa hiyo sasa ipo kwenye jedwali la kompyuta, na tunatafuta kwa jina la mteja, jina la upande wa pili, jina la baba au ukoo, kijiji, na namba ya kiwanja na kitalu ikiwa kimepimwa. Namba ya kiwanja inagundua mengi ambayo majina hayagundui, kwa sababu huku mtu mmoja anaitwa Juma Salum kwenye hati, Jumaa Salumu kwenye cheti cha kuzaliwa na Baba Mwajuma kijijini. Kwa hiyo tunaandika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na chini yake majina mengine yote anayojulikana nayo. Tofauti hizo zigunduliwe siku ya kwanza, siyo siku anapokaa kizimbani na wakili wa upande wa pili anamuuliza yeye ni nani hasa.

Kwa migogoro ya ardhi tunauliza pia kama mmepita Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu, kazi yake ni kusuluhisha, na Baraza la Wilaya linataka kuona kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana. Mteja asiye na cheti cha Baraza la Kata kinachothibitisha hilo anarudishwa kwanza kukifuata, na tarehe ya kukifuatilia inaingia kwenye daftari. Hati haziandikwi bila hicho cheti.

Makubaliano ya kazi na ada

Hakuna jalada linalofunguliwa bila barua ya makubaliano yenye saini. Yangu ni kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, na naisoma pamoja na mteja kwa sauti. Inasema kazi ni ipi na inaishia wapi. Sentensi ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: "Ada hii ni ya shauri lililopo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka hukumu. Rufaa, iwe yetu au ya wenzetu, na kukazia hukumu (kuifanya itekelezwe), ni kazi nyingine yenye makubaliano mengine." Bila sentensi hiyo utabeba shauri miaka tisa kwa ada ya mwaka mmoja, na utaanza kuliepuka. Mteja ndiye atakayeumia ukianza kuliepuka.

Ada naigawa kwa hatua: kufungua jalada na kuandika hati, kila siku ya kusikilizwa, majumuisho ya mwisho. Nauli, ada za mahakama na malazi nikisafiri vinaandikwa mbali na ada ya uwakili, na mteja anaziona. Viwango vya kuanzia vipo kwenye Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Isome yote, na nakala iwepo mezani, kwa sababu mteja anayeona kwamba bei haijatoka hewani hubishana kidogo.

Bei yako mwenyewe utaijuaje? Kaa na kalamu. Mimi nilipoanza nilikuwa nachaji kwa kumtazama mteja usoni. Kisha nikajumlisha gharama za mwezi: pango, mshahara wa karani, michango ya NSSF, umeme, intaneti, karatasi na wino, mhasibu wa muda, nauli zisizo na mwenyewe, akiba ya ada za leseni ya mwaka. Zilifika shilingi 2,400,000. Siku za kazi ni 22, ukigawa unapata kama 109,000 kwa siku, na nikadhani nipo salama. Lakini nilipohesabu siku ambazo kwa kweli zilimlipisha mtu, baada ya kutoa maahirisho, foleni za masjala na siku za kuandika barua za bure, zilikuwa 12. Siku moja ya kazi ilinigharimu 200,000 kabla sijaweka hata mkate mezani kwangu. Nami nilikuwa nakwenda Kilosa kwa 100,000, tena narudi usiku nikijiona nimechapa kazi. Fanyeni hesabu hii kila Januari na Julai.

Yapo mashauri nayafanya bure, kila mwaka, hasa ya wajane wanaonyang'anywa nyumba. Hayo nayo yana barua ya makubaliano, yana jalada na yana mistari kwenye daftari la tarehe kama mengine. Asiyelipa hahudumiwi kwa kusahaulika.

Hela ya mteja si yako hata ikilala kwako

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko sehemu zote.

Ofisi niliyofanyia kazi nikiwa bado mdogo ilikuwa na akaunti moja tu ya benki. Siku moja ikaingia fidia ya mama mmoja, shilingi milioni 14, aliyoipigania miaka minne. Wiki hiyo pango lilikuwa limefika, na ofisi za huku hulipiwa miezi sita kwa mkupuo. Pango likalipwa. Hakuna aliyesema "tumwibie yule mama". Ilisemwa "tutairudisha wakifika wale wa kampuni". Wa kampuni walichelewa. Mama alikuja kila Jumatano kwa wiki saba, anakaa kwenye benchi na kanga yake, anasema shikamooni kwa watu wazima, anasubiri, anaondoka. Mwishowe alilipwa yote, lakini mimi niliyekuwa nikimpa majibu ya uongo pale mapokezi sijaisahau sura yake.

Kwa hiyo siku unayofungua akaunti ya ofisi, fungua na akaunti ya wateja, kwa jina linaloonyesha wazi kuwa ni ya wateja. Fidia, hela ya kununulia kiwanja inayosubiri uhamisho, ada za mahakama zilizolipwa kabla, vyote huingia humo. Kila mteja ana ukurasa wake kwenye leja. Hakuna kadi ya ATM ya akaunti hiyo wala haijaunganishwa na simu yangu. Hela haitoki bila karatasi mbili: ankara au risiti inayoeleza inakwenda wapi, na barua ya makubaliano inayoruhusu. Kila mwisho wa mwezi, jumla ya kurasa zote za wateja lazima ilingane na salio la benki hadi shilingi. Isipolingana, hatufungi ofisi siku hiyo mpaka tujue kwa nini.

Malipo ya simu yanaingia kwenye Lipa Namba ya ofisi. Simu yangu binafsi haipokei hela ya mteja, wala simu ya karani haipokei. Mteja akinitumia kwa mazoea, naihamisha siku ileile na kumtumia ujumbe wa kumweleza. Mtu akileta burungutu la fedha taslimu la kununulia shamba na hataki kueleza limetoka wapi, sipokei. Sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu inatuhusu na sisi mawakili.

Kuhusu kodi, nitaonyesha kwa ankara moja. Kampuni inanilipa ada ya 2,000,000. Naongeza VAT ya asilimia 18, yaani 360,000, jumla 2,360,000. Kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada, 100,000, inaipeleka TRA kwa jina langu. Benki inaingia 2,260,000. Wakili asiye na mpangilio anaona milioni mbili na ushee na kuanza kutumia. Ukweli ni kwamba 360,000 si yake, inakwenda TRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ile 100,000 ni yake lakini ataipata tu kama amekidai cheti cha zuio na kukitunza mpaka siku ya kuandaa hesabu za mwaka. Mimi nina akaunti ndogo ya tatu. VAT inahamia huko siku hela inapoingia. Sisi watoa huduma za kitaaluma tunatakiwa kujisajili VAT hata mapato yakiwa madogo, na risiti ya EFD inatolewa kwa kila malipo, la mama wa sokoni na la kampuni sawasawa. Mshahara wa karani una kodi yake na zuio la pango la asilimia 10 lipo pia; vyote viwili ni tarehe 7. Navyo vimo kwenye daftari la tarehe, kwa nyekundu.

Mimi mwenyewe najilipa mshahara, tarehe 28, kiasi kilekile. Mwezi mzuri ukija, ziada inabaki ofisini kungoja mwezi mbaya, na mwezi mbaya upo: kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Januari mahakama zipo likizo, na leseni ya uwakili inaisha 31 Desemba.

Ndani ya jalada

Kila jalada kwetu lina namba, mwaka, majina ya pande zote, mahakama na namba ya shauri kwa nje. Ukilifungua, kushoto kuna barua, makubaliano na karatasi za hela. Kulia kuna nyaraka za mahakama kwa mpangilio wa tarehe. Ukurasa wa juu kabisa ni wa manjano na unaitwa "Hali ya shauri". Kanuni ni moja: anayetoka mahakamani anaandika ukurasa wa manjano kabla ya kula mchana. Huu ni mfano wa kweli, nimeondoa majina:

"12/9. Mbele ya Mwenyekiti. Mdai yupo na wakili. Mdaiwa 1 na 2 hawapo, hakuna taarifa. Tumeomba kusikilizwa upande mmoja, imekataliwa, wapewe wito upya. Kutajwa 26/9. KAZI: wito masjala kesho (karani). Kuupeleka Dumila kupitia mtendaji wa kijiji na kurudisha kiapo cha kupeleka wito, mwisho 20/9 (karani)."

Mistari sita hivi, na wakili yeyote anaweza kusimama tarehe 26 hata mimi nikiwa kitandani na malaria. Mwaka juzi nililazwa siku tisa. Wakili mwenzangu wa jengo la jirani, ambaye tumekubaliana kushikiana mikono, alisimama kwenye mashauri matano kwa kusoma kurasa za manjano tu.

Baada ya ukurasa wa manjano, mteja anapata ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Hatungoji apige. "Habari za mchana Mzee. Shauri lako limetajwa leo. Wenzetu hawakufika, watapelekewa wito tena. Tutarudi tarehe 26/9 saa 3 asubuhi, wewe si lazima uje. Ofisi ya wakili." Tangu tuanze hivi, simu za "kesi yangu imefikia wapi" zimepungua sana, na watu wameacha kunifuata kanisani.

Nyaraka halisi hazikai kwenye jalada. Hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, wosia vinaingia kabati la chuma, kwenye bahasha yenye namba, na mteja anasaini daftari akileta na akichukua. Nakala zake ndizo zinazosafiri. Vilevile tunapiga skani ya kila kitu na kuhifadhi sehemu mbili. Siri za watu tunazishika kwa kiapo chetu, na tangu 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo picha za vyeti vya wateja hazipiti kwenye makundi ya WhatsApp, hata la mawakili.

Karani, muhuri na vishoka

Karani mzuri ni nusu ya ofisi. Mlipe kwa wakati, mwandikie kazi zake kwenye karatasi, mpe likizo. Mwandikie pia asiyoruhusiwa: hatoi ushauri wa sheria, hapangi bei, hamwahidi mtu ushindi.

Muhuri wa kamishna wa viapo unakaa kwenye droo yenye ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Sishuhudii saini ya mtu ambaye hayupo mbele yangu, awe mheshimiwa, awe shemeji. Kila kiapo kinaingia kwenye daftari: tarehe, jina, kitambulisho, mahali. Mara mbili nimeitwa kueleza kiapo cha miaka iliyopita, na mara zote mbili daftari ndilo lililojibu.

Vishoka wanaozunguka nje ya mabaraza watakuja kukuletea wateja kwa asilimia. Waambie hapana kwa adabu, siku ya kwanza.

Kufunga jalada

Hukumu ikitoka, ndani ya siku mbili mteja anapewa barua inayosema uamuzi ni upi, ana siku ngapi za kukata rufaa na ya mwisho ni tarehe gani, hata kama tumeshinda, maana wenzetu nao wana siku hizohizo. Tarehe zinaingia kwenye daftari. Leja yake inafungwa, salio lake analipwa na anasaini. Anapewa nyaraka zake halisi moja moja kutoka kwenye bahasha, anasaini kila mstari. Jalada linafungwa kwa kamba nyeupe, linapewa namba ya rafu na mwaka wa kuharibiwa. Yale yenye hukumu ya kukazia natunza zaidi ya miaka 12, kwa sababu huo ndio muda alionao mteja wa kuikazia.

Lile jalada la kijana wa Kihonda lipo kwenye rafu ya kwanza, namba 31 ya mwaka 2016. Kila karani mpya anayeanza kazi kwangu namkabidhi alisome kabla sijamwonyesha kaunta buku.